Zuhura, fundi bomba wako nimempata

Shosti,

Za tangu juzi? Lile neno lako limenikaa siku mbili nzima, ati moyo si pampu tu, kwanini wasimuite fundi bomba atengeneze mwingine tumalize. Tulicheka weee, ila usiku usingizi ukagoma nikaanza kusoma, na sasa nakuandikia maana kwa simu najua utanikatiza.

Ngoja nianze na hiyo "pampu tu" yako. Moyo unapiga kama mara laki moja kwa siku, kwa mwaka inazidi milioni 35, na hauzimwi hata dakika moja ukafanyiwa sevisi. Afu shida kubwa hata si chuma kuchoka, shida ni damu yenyewe. Damu si maji, mama. Ikigusa kitu isichokijua inaganda, ukiisukuma kwa fujo chembe zake zinapasuka, ukiiacha itulie kwenye kikona inaganda tena, na lile bonge likipanda kwenye ubongo ndo kiharusi hicho.

Mwaka 1957 kule Cleveland, Marekani, Willem Kolff (ndo huyo huyo wa mashine ya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo) na mwenzake Tetsuzo Akutsu walimwekea mbwa moyo wa plastiki, akaishi kama dakika 90. Yaani mechi moja ya mpira, na ilikuwa hatua kubwa hiyo! 1969 Houston, Denton Cooley akawa wa kwanza kumwekea binadamu, ukamshikilia mgonjwa masaa 64 mpaka moyo wa mtu ukapatikana, na baada ya kubadilishiwa hazikupita siku mbili akafariki. Sasa umbea wenyewe, ule moyo ulitoka kwenye maabara ya bosi mwingine, Michael DeBakey, na hakuombwa ruhusa. Wakanuniana karibu miaka 40, watu wazima na vyeo vyao, mji mmoja!

Ila aliyeninyima usingizi hasa ni Barney Clark. Daktari wa meno mstaafu, miaka 61, Desemba 1982 Utah wakamtoa moyo wakamwekea wa plastiki, unaitwa Jarvik-7. Mkewe aliuliza kama mumewe akiamka bado ataweza kumpenda. Usicheke, kwani sisi mtu tukimpenda tunasema amekaa wapi? Basi jamaa akaamka, anampenda vilevile, ila kifuani inatoka mirija miwili imeungwa kwenye mashine ya hewa ya karibu kilo 180, mashine ikihama na yeye anahama. Na wakampa ufunguo. Ufunguo wa kuzima ile kompresa, kwamba siku akiona imetosha azime mwenyewe. Hebu fikiria unalala na kitu hicho pembeni. Aliishi siku 112 na hakuutumia, na mwisho viungo vingine ndo vilikata, ule moyo wa plastiki ulikuwa bado unapiga tu. Aliyefuata akafika siku 620 lakini viharusi vikamwandama, si nilikwambia damu haitaki mchezo.

Walichokuja kugundua baadaye mi kilinishangaza. Miaka yote walikuwa wanahangaika kuiga ule mdundo, kumbe damu si lazima idundishwe, unaweza kuizungusha tu kama feni inavyosukuma upepo. 2011 hapo hapo Houston, Bud Frazier na Billy Cohn wakamwekea mgonjwa pampu mbili za kuzunguka mahali pa moyo, na akaishi kama wiki tano. Anaongea na wewe vizuri, ukimshika mkono hana mapigo! Ukiweka sikio kifuani unasikia mvumo tu.

Sasa fundi bomba. Kuna Mwaustralia, Daniel Timms, ametengeneza moyo wa titaniamu wenye kitu kimoja tu kinachozunguka ndani, kinaelea kwa sumaku, hakigusi popote, kwa hiyo hakuna cha kusagika. Umewekwa kwa binadamu mara ya kwanza Julai 2024, na mgonjwa mmoja wa Sydney akaruhusiwa kutoka hospitali akiwa nao, akakaa nao zaidi ya siku 100 mpaka akapata moyo wa kupandikizwa. Na huyu Timms, baba yake alikuwa fundi bomba. Naapa situngi. Walikuwa wanaenda wote duka la vifaa vya ujenzi, wananunua mabomba na vali, wanarudi nyumbani wanaunga mfano wa mishipa ili wajaribie pampu. Mzee moyo wake ulikuwa mbovu, ukamuua 2006, miaka kumi na nane kabla ya ule wa kwanza kuingia kifuani mwa mtu.

Haya nijibu, ila kwa barua, usipige.

Wako,
Mwanaidi