Dawa za sonona zisiachwe ghafla

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wagonjwa wengi wa sonona hawaelezwi vya kutosha wanapokabidhiwa dawa, nalo ni namna ya kuziacha. Maelekezo ya kuanza hutolewa, ingawa kwa haraka. Ya kuacha mara nyingi hayatolewi kabisa.

Mdogo wangu alitumia sertralini, mojawapo ya dawa za sonona, kwa miezi minne. Alipoanza kulala vizuri, kula na kucheka tena na watoto wake, aliona amekwisha kupona, akazifungia dawa zilizobaki kabatini bila kumwambia mtu. Siku ya tatu nilimkuta ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, amefumba macho. Akaniambia, “Dada, kila nikigeuza macho nasikia kama umeme unapita kichwani.” Alikuwa na kizunguzungu na kichefuchefu, na alikuwa akighadhibika kwa mambo madogo, jambo ambalo si tabia yake. Sisi nyumbani tulidhani ugonjwa umerudi, naye aliamini kwamba dawa zimemtia uraibu. Sote tulikosea. Daktari alipomrudishia dozi ile ile, dalili zilitoweka ndani ya siku chache, naye akatueleza kwamba mraibu huwa na uchu wa kitu na hukitafuta kwa udi na uvumba, ilhali mdogo wangu hakuwa na hamu yoyote ya vidonge vile. Mwili wake ulikuwa umestushwa tu na mabadiliko ya ghafla.

Dawa za kundi la sertralini huongeza serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, inayobaki kati ya seli hizo, na ubongo hujirekebisha polepole kuendana na hali hiyo mpya. Upolepole huo ndio unaofanya nafuu ianze kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na pengine ikamilike baada ya wiki 6 au 8, wakati kichefuchefu, maumivu ya kichwa na kukosa usingizi huweza kuja katika siku za mwanzo kabisa. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo hupata adha kabla ya faida, na ni rahisi kumwelewa anapokata tamaa. Upolepole huo huo unahitajika wakati wa kutoka: dozi hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa wiki kadhaa au hata miezi, chini ya uangalizi wa daktari. Kati ya dawa nyingine za sonona, paroksetini na venlafaksini, ambazo hutoka mwilini upesi, husumbua zaidi zikikatishwa kuliko fluoksetini, ambayo hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Tena kuzipunguza kwenyewe kusianze mara tu mtu anapojisikia vizuri, kwa kuwa madaktari hushauri matibabu yaendelee kwa angalau miezi 6 baada ya nafuu kupatikana, ili ugonjwa usirudi. Aliyesahau dozi moja naye asimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Kuna hatari nyingine mbili ambazo siwezi kuziacha. Ya kwanza ni kuchanganya dawa. Tramadoli, ambayo wengi huinunua kwa ajili ya maumivu, ikikutana na dawa hizi inaweza kupandisha serotonini kupita kiasi, mgonjwa akatetemeka, akatokwa jasho, moyo ukaenda mbio na akili ikachanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya kukimbilia hospitali. Hata ibuprofeni, dawa nyingine ya maumivu, ikitumiwa pamoja nazo huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni. Kwa hiyo mfamasia aambiwe kila kitu anachotumia mgonjwa, pamoja na mitishamba.

Ya pili inawahusu vijana. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za sonona ziwekewe onyo la mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24. Onyo hilo halisemi kijana asitibiwe, kwani sonona isiyotibiwa nayo huua. Linatutaka tulio karibu naye tumwangalie sana katika wiki za kwanza na kila dozi inapobadilishwa. Akionekana hatulii, halali, au anazungumza kama anayeaga, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua, asiachwe peke yake, na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Ombi langu kwa madaktari na wafamasia ni dogo. Bahasha ya dawa za mdogo wangu ninayo hadi leo. Imeandikwa jina lake, jina la dawa na “1 × 1”, na chini yake karatasi ni tupu. Maneno “Usiache ghafla, rudi kwanza tuzungumze” yangeenea pale bila shida.

Wako,
Msomaji, dada wa mgonjwa