Safari ya Abruzzo, someni hadi mwisho

Habari za jioni wapendwa. Katika kuchagua pa kwenda, Abruzzo, mkoa wa Italia mashariki ya Roma, ndiyo iliyopita; milima ya Dolomiti ya kaskazini tuwaachie wenye pesa zao. Jumamosi tukutane kituo cha Roma Tiburtina saa 1 asubuhi, saa moja yetu, si ya Waitaliano! Basi la kwenda L'Aquila, mji mkuu wa Abruzzo, halimsubiri mtu.

Jumapili tunapanda gari la kamba hadi Campo Imperatore, uwanda wa juu milimani. Wenye magoti mazima wataendelea kuelekea kilele cha Corno Grande, mita 2,912. Sisi wengine tutabaki uwandani na arrosticini: mishikaki ya kondoo, vinyama vidogo kama kete, inachomwa kwenye jiko jembamba mithili ya mfereji.

Bebeni sweta, hata kama ni Julai. Makubadhi hapana. Dada Rehema, nakujua.

Asiyethibitisha kufikia Alhamisi usiku, nafasi yake naigawa.