Kwa walimu vijana wa Historia: msiishie Hastings

Wanangu, salaam.

Baadhi yenu mmeniletea maandalio yenu ya somo la mwaka 1066 niyapitie. Vita mnaifundisha vizuri. Harold, mfalme wa Uingereza, anamshinda mfalme wa Norway pale Stamford Bridge, kaskazini, mwishoni mwa Septemba, anakimbilia kusini na jeshi lililochoka, na tarehe 14 Oktoba anauawa Hastings. Siku ya Krismasi mshindi wake, William, mtawala wa Normandy ng'ambo ya bahari, anavishwa taji Westminster. Kengele inalia, kipindi kimekwisha, na mwanafunzi anatoka akidhani Uingereza ilitekwa kwa siku moja.

Ilichukua miaka ishirini, tena kwa karatasi kuliko kwa panga.

William alidai kuwa yeye ndiye mrithi halali wa Mfalme Edward, aliyemtangulia Harold. Kwa hiyo waliompigania Harold wakahesabiwa waasi, na ardhi ya mwasi ikawa ya mfalme. Akawagawia makabaila wake kwa sharti: vijiji hivi nakupa, nawe utaniletea wapiganaji wa farasi nikikuhitaji. Kabaila naye akawagawia wa chini yake. Mwisho wa ngazi alikuwapo mkulima, aliyelima shamba la bwana siku kadhaa kila wiki na lake likisubiri. Kaskazini walipoasi, majira ya baridi ya 1069 na 1070, William alichoma vijiji, nafaka na mifugo, na waliopona upanga wakafa njaa.

Kisha ukaja mwaka 1086, na uchunguzi wa ardhi uliozaa kitabu cha Domesday. Hapo ndipo ningependa mkae. Makarani waliuliza: ardhi hii ilikuwa ya nani zama za Edward, sasa ni ya nani, ina plau ngapi, ina thamani gani? Pale Marsh Gibbon, Buckinghamshire, anatajwa Msaksoni, yaani mwenyeji wa Uingereza kabla ya William, aitwaye Ailric. Zama za Edward ardhi ilikuwa yake. Sasa anaikodi kwa bwana wa Kinormani, yaani mmoja wa watu waliokuja na mfalme, jina lake William fitz Ansculf, na karani anaongeza kwamba anaishika kwa uzito na kwa unyonge. Karani wa mshindi huyo! Wasomeeni wanafunzi mstari huo, kisha waulizeni Ailric alishindwa lini.

Ila msiwageuze Wasaksoni kuwa malaika. Walikuwa na watumwa, na Domesday inawahesabu kwa maelfu. Utumwa huo ulikuja kufifia chini ya Wanormani. Watakuwapo wanafunzi wanaotaka mwema na mbaya wajulikane mapema. Waacheni wasumbuke.

Nanyi mlioko Kenya mna la ziada. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915, iliyoifanya hata ardhi waliyokalia wenyeji kuwa ya Taji, yaani ya mfalme wa Uingereza, haikuzuka Nairobi. Wazo kwamba ardhi yote hatimaye ni ya mfalme, na wengine huishika tu kutoka kwake, ndilo alilolisimika William. Wajukuu wa walioonewa nalo walikuja nalo huku melini.

Mkitunga mtihani, tarehe ya Hastings iacheni. Chagueni kijiji kimoja cha Domesday, wapeni majina ya wenye ardhi mwaka 1066 na ya mwaka 1086, kisha waandike wenyewe ni nini kilichotokea katikati.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu