Mhariri, sukari guru inaingia mwisho

Mhariri, salamu kwako na kwa wote hapo chumba cha habari. Naandika kuhusu ukurasa wenu wa mapishi, ile siku mlipoweka pongal ya sukari guru, chakula cha sikukuu cha Watamili wa kusini mwa India. Kwanza nilifurahi sana, maana sisi huku chakula cha Kihindi tukishataja biriani, chapati na sambusa tumemaliza, wakati kule Tamil Nadu sikukuu yao kubwa ya mavuno, nayo inaitwa Pongal, siku yenyewe inapikwa pongal, nyama haisogei hata karibu. Ila namna mlivyoeleza upishi jamani, mtu akifuata vile ataishia na mchele mgumu unaoelea kwenye shira alafu aseme Wahindi hawajui kupika.

Mmeandika mchele, choroko, sukari guru na maziwa vyote vitumbukizwe pamoja kwenye presha kuka, filimbi tatu, tayari. Sio hivyo. Sukari haigusi sufuria mpaka mchele na choroko viwe vimeiva vimelainika kabisa, ukiiwahisha inauzuia mchele kulainika, punje zinabaki na kiini hata ukoroge mpaka magharibi, na sukari guru nyingine ina uchachu kidogo kwahiyo inaweza kuyakata na maziwa pia, hapo ndo umeharibu vyote kwa mpigo. Presha kuka sina ugomvi nayo, wenyewe Chennai, mji mkuu wa Tamil Nadu, wanaitumia kila siku, ila ni kwa mchele na choroko tu, sukari inasubiri pembeni.

Mimi nilisoma huko Chennai na nilipanga kwa mama mmoja wa Kitamili, wapangaji wote tulimwita Amma, na Amma hakuwa mtu wa kupima kwa saa. Anachukua punje moja na kijiko, anaiminya kati ya kidole gumba na cha shahada, akiona kidoa cheupe katikati anarudisha mfuniko bila kusema neno, sukari inaendelea kukaa kwenye bakuli lake. Ikipondeka yote ndo anamimina.

Vipimo ni hivi: mchele kikombe kimoja, choroko zilizokobolewa zile za njano robo kikombe au zaidi kidogo, unazikaanga kavu bila mafuta mpaka zinukie, usiziache ziungue. Unaosha pamoja na mchele, maji vikombe vitatu na nusu na maziwa nusu kikombe hivi. Mkikosa choroko za njano chukueni hizi zetu za kijani zilizopasuliwa, loweka, fikicha, maganda yataelea yenyewe unayamwaga. Na tafadhali sana msiweke basmati kama mlivyoandika, basmati ni ya biriani, inajitenga punje punje, hapa mnataka mchele unaokubali kupondeka mpaka uwe mlaini kama bokoboko. Mchele wa kawaida wa Mbeya unafaa tena sana, kwao wanatumia mchele mpya wa msimu ule ule.

Sukari guru kikombe kimoja na nusu, wapenda sukari viwili. Hiyo iyeyushe pembeni na maji kidogo alafu ichuje, usiamini macho, ina mchanga na vipande vya makapi ya miwa na ukisaga mchanga mbele ya wageni ni aibu. Ukishamimina unakoroga moto mdogo huku unaongeza samli kidogo kidogo, samli ya kweli sio siagi ya mkebe, mpaka uone inaachia pembeni ya sufuria. Mwisho iliki ya kutwanga, chumvi chembe, na korosho na zabibu zilizokaangwa kwenye samli hadi zabibu zivimbe. Baadhi ya korosho zinazobanguliwa India zinatoka huku huku kwetu Mtwara na Lindi zikiwa ghafi, kwahiyo hapo huenda mnakula za nyumbani zilizokwenda kutembea.

Jambo moja ni la hatari kabisa. Mmetaja "kafuri kidogo kwa harufu". Ni kweli pongal ya hekaluni inawekwa kafuri, lakini ni kafuri maalum ya kula na wanaweka chembe ndogo mno. Kafuri tunayoijua sisi ni ya maiti na ya kufukuzia nondo kabatini, hiyo ni sumu, mtoto akiila ni hospitali. Naomba mlisahihishe hilo hata kama mengine mtayaacha.

Alafu mkaandika "angalia maziwa yasifurike". Nilicheka! Kufurika ndo sikukuu yenyewe. Siku ya Pongal, tarehe 14 Januari au miaka mingine 15, watu wanachora michoro ya unga wa mchele mlangoni, wanaweka chungu kipya au cha shaba juu ya matofali uani, shingoni kimefungwa mche wa bizari ya manjano na majani yake, wanapika wakielekea jua linapotoka, na yale maziwa yakipanda yakamwagika pembeni wote wakubwa kwa wadogo wanapiga kelele "Pongalo Pongal!" maana ni dalili ya mwaka wa neema. Jua ndo linaandaliwa kwanza, kwenye jani la mgomba, na miwa imesimamishwa pembeni. Kesho yake ni zamu ya ng'ombe, wanaogeshwa na kupakwa rangi pembe. Hata serikali ya jimbo inaingia, mwaka 2023 iligawa kwa familia zenye kadi za mgao kilo ya mchele, kilo ya sukari, muwa mmoja mzima na rupia 1,000, na huo muwa wenyewe haukuwemo mwanzo, wakulima waliandamana ndo ukaongezwa. Kwahiyo sio "wali mtamu" tu, mhariri.

Wenye majiko ya gesi ya ndani basi mfurishe kidogo tu, maziwa yakiganda kwenye bana kuyasugua ni kazi.

Na mkipata nafasi wekeni na ile ya chumvi, mchele na choroko vile vile ila badala ya sukari ni pilipili manga, bizari nyembamba, tangawizi na majani ya mchuzi kwenye samli, inaliwa asubuhi na chatini ya nazi. Hiyo haingoji sikukuu, mgahawa wowote Chennai unaikuta saa moja asubuhi, na mimi binafsi naipenda kuliko hii ya sukari.

Msomaji wenu,
Tanga