Miche yetu haikufa kwa ugonjwa

Juzi mama mmoja wa Nyali, hapa Mombasa, alituletea kitaluni trei ya miche ya nyanya iliyoanza kukauka kama majani ya chai. "Mmeniuzia uozo!" akasema, wateja wanasikia. Ni wa tatu tangu kaskazi ianze, basi leo na sisi tuseme.

Majani ya chini yalikuwa yameungua ncha, ya juu bado kijani. Huo si ukungu, ni chumvi. Visima vingi vya kwetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na mvua zikikatika bahari hupenya chini kwa chini. Maji ya kisima cha huyo mama yalipima desisimensi 4 kwa mita, ndicho kipimo cha chumvi. Nyanya huanza kupunguza mazao chumvi ya udongo ikipita 2.5, maharagwe, 1 tu.

Mche una ulinzi wake. Mizizi ikionja chumvi, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, nayo hufunga vitundu vya majani ili maji yasipotee. Jibarelini, homoni ya kurefusha, hupungua, ndiyo maana mche hudumaa: unabana matumizi. Oksini nayo hupinda mzizi ukwepe upande wenye chumvi. Lakini ethilini ikizidi, majani huzeeka na kupukutika.

Kwa hiyo siku kumi za mwisho kitaluni tunapunguza maji, kisha tunaonjesha miche chumvi kidogo kidogo, ijizoeze. Ndiyo maana mche wetu ni shilingi 8, bei mnayoilalamikia. Mche wa shilingi 4 hunyweshwa maji ya mfereji, yaani ya bomba, asubuhi na jioni; hunona, hupendeza macho, ukifika kwako siku ya tatu chali.

Halafu kuna dawa za mkato. Mtu akiona mche umedumaa, anaongeza mbolea. Mbolea ya dukani nayo ni chumvi jamani! Mzee mmoja wa Likoni aliipa pilipili yake mbolea ya CAN mara mbili kwa wiki moja. Akatupigia simu Jumapili kutulaumu sisi. Mwingine alinunua kichupa cha "homoni ya nguvu" kwa bei ya trei mbili zetu. Homoni haiondoi sodiamu, yaani ile chumvi, udongoni, hata ukinyunyiza ndoo nzima. Na wale wa kumwagilia kidogo kidogo juani, kila siku: maji hupaa, chumvi inabaki, mwezi ukiisha udongo una utando mweupe juu.

Wiki ya kwanza tumia maji ya mfereji au ya mvua. Baadaye mwagilia jioni, si kila siku, hadi maji yapite chini ya mizizi, na usiyamwage juu ya majani.

Mama wa Nyali tulimpa trei nyingine nusu bei. Bure hapana, kosa halikuwa letu. Kabla ya kununua, tuletee maji ya kisima chako kwenye chupa iliyosuuzwa, tunapima bila malipo. Yakizidi 3, nyanya hatukuuzii. Utaondoka na mchicha, wenyewe huvumilia chumvi zaidi.