Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: anayekuja na jina la ugonjwa mkononi asifukuzwe mlangoni

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Nakuandikia nikiwa mmoja wa wasimamizi wa kundi la mtandaoni ambamo watu huzungumzia sonona, wasiwasi uliopitiliza, bipola (hali ya moyo kushuka mno na kupanda mno kwa vipindi), usonji na ADHD (tatizo la kushindwa kutulia na kuzingatia). Mimi si daktari. Kazi yangu mle ni kufuta matangazo ya dawa, kutuliza ugomvi na, zaidi ya yote, kusoma wanayoandika watu. Kwa hayo niliyosoma, naomba unisikilize kabla wizara haijatoa tena onyo lake la kila mara, kwamba wananchi waache kujipima mitandaoni waende hospitali.

Onyo hilo halina uongo ndani yake. Kasoro yake ni kudhani kwamba mtu ana daktari upande huu na simu upande ule, akachagua simu kwa ujinga. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 ilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 970, yaani mtu 1 kati ya 8 duniani, walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili. Kwa kawaida serikali hutenga kama asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa ajili yao, na katika nchi maskini wahudumu wa afya ya akili hawafiki 2 kwa kila watu 100,000. Kwa hesabu hiyo, ukimwambia mtu aende hospitali atakuuliza aende ipi.

Halafu wapo waliokwenda. Mtu amejikusanya kwa miezi, ameingia kwa daktari, amesema kwa sauti ndogo kwamba anadhani ana ADHD. Anajibiwa: "Umeyaona wapi hayo, TikTok?" Anatoka. Jioni anatuandikia alivyojibiwa, na msururu wa watu unajitokeza kusema nao waliambiwa vivyo hivyo. Tangu hapo kundi ndilo hospitali yake. Nyinyi mnazilaumu video, Mheshimiwa, lakini wengi wa wanachama wangu wakaidi kabisa, wale wasiotaka tena kusikia habari za daktari, nimeletewa na madaktari.

Nisikufiche, huku kwetu nako si salama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Kanada la tiba ya akili ulichambua video 100 za TikTok kuhusu ADHD zilizotazamwa sana, ukakuta zaidi ya nusu, asilimia 52, zinapotosha. Sikushangaa. Kusahau funguo, kuahirisha kazi, kuchoshwa na mikutano, yote hutajwa kuwa dalili, na nani asiyejiona humo? Kinachoachwa nje ya video ni masharti yasiyovutia. Mwongozo wa DSM-5 wa 2013, unaotumiwa na madaktari kutambua maradhi ya akili, unataka dalili kadhaa za ADHD ziwe zilikuwapo kabla ya umri wa miaka 12, zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi, tena ziwe zinavuruga maisha kweli. Aliyeanza kushindwa kutulia akiwa na miaka 30, baada ya kufiwa au baada ya kukosa usingizi mwaka mzima, ana shida ya kweli, ila huenda shida hiyo ina jina jingine.

Nikuonyeshe jinsi inavyokwenda. Ni usiku. Mgeni anabandika skrinishoti ya dodoso la PHQ-9, lile la kupima dalili za sonona, alama 19. Hakuna salamu wala maelezo, ila maneno matatu: "hii ni mbaya?" Wa kwanza anamjibu "karibu nyumbani" na moyo mwekundu. Wa pili anamwambia hiyo si sonona, ni bipola, maana yeye alianza hivyohivyo. Wa tatu anamtajia dawa ya sonona anayomeza, na miligramu zake. Wote wana nia njema. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali la 9 amelijibu vipi.

Dodoso hilo lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3, jumla 27. Lilitungwa liwe chujio: anayefikisha 10 na kuendelea anafaa kuchunguzwa zaidi na mtu anayejua kazi. Halijui kama damu yako imepungua, kama tezi ya thairoidi imelegea, kama umezika wiki iliyopita, mambo ambayo yote yanaweza kukupandishia alama. Swali la 9 linauliza kama umekuwa ukifikiri kwamba heri ungekufa, au ukifikiria kujidhuru. Mtu anaweza kupata jumla iliyo chini ya 10 huku hilo moja amelijibu "karibu kila siku". Akiangalia jumla anajiona yuko salama, na tovuti nyingi zinazomhesabia hazimpi hata namba ya kupiga.

Tena yule wa pili na yule wa tatu, ukiweka ushauri wao pamoja, wanaweza kumuumiza mtu. Mwenye bipola mara nyingi hutafuta msaada akiwa chini, na wakati huo hana tofauti kubwa na mwenye sonona ya kawaida. Akipewa dawa za sonona peke yake zinaweza kumrusha upande wa pili: anakesha, anatapanya fedha, anajiona hakuna kinachoweza kumgusa. Ndiyo maana daktari makini, kabla ya kuandika dawa, huuliza kama kuna siku mtu aliwahi kukesha na bado akawa na nguvu za ajabu. Kundini swali hilo halitoki. Kila mtu anajibu kwa maisha yake mwenyewe.

Lipo na jingine ambalo silisikii likisemwa. Mtu akipata nafuu na kuja kutuambia, kundi hupoa. Pongezi huja chache, kisha mazungumzo yanahamia kwingine. Pale ambapo ugonjwa ndio tiketi ya kuingilia, anayepona anaanza kujiona mgeni, na nimeshuhudia watu wakirudi na dalili mpya na jina jipya. Sidhani wanadanganya. (Wale wanaopanga majina ya maradhi kwenye wasifu wao kama vyeo hunikera, nakiri, lakini hilo ni jambo la ladha na haliihusu wizara.)

Pamoja na hayo yote, msiyafunge makundi. Maelezo ya usonji kwa miaka mingi yalijengwa zaidi kwa kuwatazama watoto wa kiume, na wanawake wengi wameshtukia hali yao ukubwani baada ya kuwasoma wanawake wenzao, ndipo wakaenda kuchunguzwa na kuthibitishiwa. Wapo walioacha kujiita wavivu au walaaniwa siku waliposoma maelezo ya mtu mwingine yanayofanana na yao. Kujishuku si uchunguzi, lakini uchunguzi mwingi huanzia hapo.

Kwa hiyo badala ya onyo jingine, naomba waraka kwa vituo vyote vya afya. Mhudumu akiambiwa "nadhani nina kitu fulani", aulize: ni nini umekiona kwako kilichokufanya ufikiri hivyo, kilianza lini? Aandike jibu kabla ya kusema lolote. Hakuhitajiki kifaa chochote, wala si lazima awe bingwa wa akili. Mpango wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, wa kupanua huduma za afya ya akili, ulioanza 2008, unawalenga wahudumu wasio mabingwa. Zimbabwe, kwenye mpango wa Friendship Bench ulioanza 2006, akina bibi waliofundishwa huketi na mgonjwa kwenye benchi na kumsikiliza, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili za waliosaidiwa hivyo zilikuwa zimepungua kuliko za wengine baada ya miezi 6. Uhaba wa madaktari wa akili ni wa kweli, ila usiwe kisingizio cha kumkejeli mtu.

Madodoso nayo myaweke wenyewe, kwa Kiswahili kilichohakikiwa, palepale watu walipo, na maelezo mafupi ya kile ambacho alama haiwezi kukuambia. Anayejibu swali la 9 kwa lolote zaidi ya "hapana kabisa" aone namba ya simu hapohapo, kabla ya kuona jumla yake, na namba hiyo ipokelewe na mtu hata saa tisa usiku, maana skrinishoti nyingi hutufikia saa hizo. Sisi wasimamizi tutaibandika juu kabisa ya kundi siku itakapotoka, na tutaacha kubahatisha majibu.

Wako,
Msimamizi wa kundi