Mwanangu, usisingizie baridi

Goma, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema yule ndama mwekundu anakohoa, hataki kunyonya, halafu unamalizia kwamba ni baridi tu ya Masisi. Mpapase kwanza chini ya sikio na mbele ya bega. Ukikuta tezi imevimba, chukua kile kipimajoto nilichokutumia, umpime kwa nyuma. Ikifika digrii 40, hiyo si baridi tu, huenda ni ndigana kali. Mwite daktari wa mifugo leo leo, usingoje siku ya soko. Buparvakwoni, dawa ya ndigana, huponya ikidungwa mapema. Mapafu yakishajaa maji na povu likatoka puani, mara nyingi unatupa pesa. Na hiyo oksitetra, antibiotiki mnayoikimbilia kwa kila kitu haitamaliza ndigana iliyokwisha kushika.

Ugonjwa wenyewe huletwa na yule kupe wa kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio. Sasa wewe ukipiga dawa unapita mgongoni tu, kama padri anayenyunyizia waumini maji ya baraka! Ingia sikioni, chini ya mkia, mapajani karibu na kiwele. Kila wiki, hata mvua ikikuchosha. Na dawa usiizidishie maji ili itoshe kundi zima, maana kupe asiyekufa anaizoea.

Baba yako mdogo anataka kupokea ng'ombe wa jamaa waliokimbia vita. Siwezi kumkatalia, watu wameteseka. Lakini watengwe wiki tatu, wapigwe dawa kabla ya kuchanganyika na wetu. Wakitoka juu kabisa, kwenye baridi kali, waangalie zaidi: kule kupe huyo ni wachache, kwa hiyo miili yao haijazoea ugonjwa huu.

Ng'ombe wa maziwa akidungwa antibiotiki, maziwa yake yasiuzwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Usidhani yule mtengeneza fromaji, yaani jibini, hatajua. Antibiotiki inaua chachu yake, maziwa yanakataa kuganda vizuri, na kesho hanunui hata ya ng'ombe wazima.

Pesa ya daktari nimeituma kwenye simu ya baba yako mdogo. Ikibaki, nunua chumvi ya ng'ombe, si vocha. Uniandikie jioni tezi zikoje.

Mama yako